Kupima kwinini kwenye damu kwa chembe za sumaku: msidanganyike

Watu wakisikia "chembe nano za sumaku" na "damu" kwa pamoja wanaona mtu kadungwa unga wa chuma mwilini. Hapana jamani. Damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa kwinini, dawa ya malaria, inatolewa mkononi kama kawaida, inazungushwa kwenye sentrifuji, ile plazma ya njano inayobaki juu ndo inafanyiwa kazi, unga unatiwa kwenye kichupa huko maabara, mgonjwa saa hiyo yuko kitandani na dripu yake wala hana habari.

"Sumaku inavuta kwinini." Haivuti! Kwinini ni alkaloidi (kemikali inayotengenezwa na mimea) ya magome ya mti wa sinkona, haina chuma hata kidogo. Kinachovutwa ni zile chembe, ambazo ni oksidi ya chuma iliyovishwa koti la kushika dawa. Na koti lina masharti: kwinini ni besi (kinyume cha tindikali), kwenye tindikali inabeba chaji inang'ang'ania majini, kwa hiyo kama koti ni la mafuta mafuta inabidi uongeze alkali kidogo, chaji inatoka, dawa inakimbilia kwenye koti. Baadaye unaweka sumaku nje ya kichupa, unga mweusi unajibandika ukutani, unamwaga maji, unaosha, unatia kiyeyushi cha methanoli kiduchu dawa inaachia.

"Basi imeshapimika." Bado, hapo umesafisha tu. Kupima ni kazi ya mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali na kupima kila moja, na bahati nzuri kwinini inang'aa bluu ukiimulika kwa mwanga wa UV (urujuanimno), hata tonic water inafanya hivyo.

"Dawa ya mti, ya nini kuipima?" Hii ndo inaniudhi. Kwenye malaria kali inayolengwa ni kama mg 8 hadi 15 kwa lita ya plazma, ikizidi sana masikio yanavuma, macho yanaweza kupofuka, moyo unayumba.

Halafu kuna wanaodhani namba ni namba. Mgonjwa wa malaria kali protini zake zinazoshika kwinini zinapanda, dawa iliyo huru (isiyoshikwa) inabaki kidogo, kwa hiyo anavumilia kiwango ambacho mtu mzima wa afya aliyebugia vidonge kitamuumiza. Na maabara ikigandisha protini mwanzoni kwa kiyeyushi cha asetonitrili, dawa iliyoshikwa na protini hizo inaachiwa, jibu linalotoka ni la dawa yote. Ukitaka ile iliyo huru tu, plazma inachujwa kwanza kabla hujatia kitu chochote.