"Tutaandika Mfumo Ukishakamilika": Dhana Potofu Kuhusu Nyaraka za Programu

Miongoni mwa maneno ninayoyasikia kwa wateja wangu hapa Mombasa, wawe mawakala wa forodha wenye ofisi karibu na bandari ya Kilindini, wawe wenye hoteli za Nyali au viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, hakuna yanayonichosha kama haya: "Nyaraka tutaziandika mfumo ukishakamilika," yaani maelezo ya namna programu inavyofanya kazi na inavyotumiwa. Husemwa kwa nia njema kabisa, tena mara nyingi na watu hodari katika kazi yao, na ndiyo maana yanahitaji kujibiwa kwa kirefu kuliko dhana nyingine zote nitakazozitaja hapa.

Mfumo unaotumika haukamiliki. Hubadilika kila sheria inapobadilika na kila biashara inapopanuka, na siku utakapoacha kubadilika itakuwa ni kwa sababu hakuna anayeutumia tena. Tazama yaliyoipata ofisi yoyote ya hesabu nchini Kenya katika miaka michache tu: kiwango cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kilishushwa kisha kikapandishwa, ankara zikatakiwa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, na tangu Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya NHIF yakaondoka yakaja ya SHIF. Aliyeahidi mwaka 2019 kwamba ataandika mambo yakitulia angali anangoja yatulie, na huku nyuma wafanyakazi wake wanaulizana maswali yale yale kila mwisho wa mwezi.

Lakini ubaya mkubwa wa kuahirisha si kwamba kazi haifanyiki. Hata ikifanyika, kinachoandikwa baadaye si kile ambacho kingeandikwa mapema, kwa sababu jambo la kwanza kusahaulika ni sababu. Tarehe 1 Aprili 2020 kiwango cha VAT kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa ajili ya janga la korona, na tarehe 1 Januari 2021 kikarudi 16. Katika mfumo wa mauzo wa duka moja la jumla nilioitwa kuukagua, palikuwa na mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, ulioagiza kwamba ankara zenye tarehe za kipindi hicho zikokotolewe kwa asilimia 14, na kando yake hapakuwa na neno hata moja la maelezo. Kijana aliyeajiriwa baadaye aliuona, akadhani ni kosa la kuchapa, akaufuta. Hakuna aliyegundua kwa muda mrefu, maana ankara mpya zote zilitoka sawasawa. Wakaguzi wa hesabu walipotaka nakala za ankara za mwaka 2020, mfumo ulizikokotoa upya kwa asilimia 16, na jumla zikakataa kulingana na marejesho ya kodi yaliyokwisha kuwasilishwa. Lawama zote zilimwangukia yule kijana, nami niliwaambia wenye duka waziwazi kwamba hazimstahili. Kilichokosekana ni sentensi kama hii juu ya mstari ule: "Kiwango hiki kilitumika kuanzia 1 Aprili hadi 31 Desemba 2020, usiufute mstari huu, kwa kuwa ankara za wakati huo hukokotolewa upya kila zinapochapishwa." Aliyeandika msimbo mwaka ule alikuwa na maarifa hayo yote kichwani, na kuyaweka chini kungemchukua dakika moja. Miaka michache baadaye hata yeye mwenyewe asingeyakumbuka yote.

Kwa hiyo wateja wangu wote huwaomba waandike uamuzi siku ile ile unapofanywa. Mwaka 2011 mtaalamu wa programu Michael Nygard alipendekeza namna fupi ya kumbukumbu za maamuzi ambayo bado sijaona inayoishinda: hali iliyokuwapo, uamuzi uliochukuliwa, umefikia hatua gani ya kukubaliwa, na matokeo yanayotarajiwa, mazuri na mabaya. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi huongeza jambo moja, nalo ni njia zilizokataliwa na sababu ya kukataliwa kwake, kwa maana bila hayo atakuja mtu mwenye bidii aifufue njia mbovu akidhani hakuna aliyewahi kuifikiria.

Faida nyingine ya kuandika mapema haielezeki kwa urahisi kwa mtu ambaye hajaionja. Hatua ikikataa kuandikika, mara nyingi mbovu ni hatua yenyewe wala si mwandishi. Ukijaribu kumweleza karani namna ya kusahihisha uzito wa kontena katika mfumo, ukajikuta unaandika "isipokuwa" mara tatu katika sentensi moja, basi rudi kwa waundaji programu kabla karani hajafikiwa na balaa hilo. Marekebisho hayo ni rahisi wakati skrini ingali mchoro tu. Baada ya uzinduzi huwa ni kandarasi mpya.

Wanaodhani kwamba utaratibu wa maandishi ni urasimu usio na kazi wautazame mkasa uliotokea Marekani tarehe 1 Agosti 2012. Kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa nchini humo, ilikuwa imesambaza msimbo mpya katika seva zake 8, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, lakini fundi hakuunakili katika seva moja. Humo ulibaki msimbo wa zamani ambao kampuni iliacha kuutumia tangu 2003 bila kuufuta, na maagizo ya siku hiyo yakauamsha. Kwa muda wa dakika 45 hivi mfumo uliagiza hisa ovyo, na hasara ikapita dola milioni 460. Tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa maandishi uliotaka fundi wa pili ahakiki usambazaji ule. Tena, katika kuhangaika, mafundi waliuondoa msimbo mpya kwenye seva 7 zilizokuwa salama, na tatizo likaenea, kwani hapakuwa na mwongozo wa kuwaelekeza la kufanya mambo yanapoharibika. Mafundi wale hawakuwa wajinga. Waliachwa wafikiri peke yao katika saa ambayo hakuna mwanadamu anayefikiri vizuri.

Mwongozo wa saa kama hiyo nao una namna yake. Nakuta katika makabati ya ofisi nyingi sentensi hii: "Huduma ikikwama, iwashe upya." Huduma ipi, katika seva ipi, kwa amri gani, na mtu atajuaje kwamba imewaka? Mwongozo unaosaidia husema: ingia katika seva ya ankara kwa akaunti ya zamu, toa amri iliyoandikwa hapa chini, subiri dakika 1, fungua ukurasa wa hali ya mfumo, alama ikiwa ya kijani endelea na kazi, na ikibaki nyekundu kwa dakika 5 mpigie msimamizi wa zamu, usijaribu tena. Kila hatua ina tendo na ina jambo ambalo msomaji ataliona likimthibitishia kwamba amelifanya sawa. Kisha mwite mtu asiyeujua mfumo aufuate mwongozo mbele yako, nawe ukae kimya. Kila mahali atakaposimama kukutazama usoni ndipo pa kuandika upya.

Kutoka katika dhana hiyo ya kuahirisha huzaliwa nyingine, kwamba nyaraka zikishaandikwa kazi imekwisha. Mwongozo wa mishahara wenye jedwali la NHIF la shilingi 150 hadi 1,700, ambao bado unachapwa na kukabidhiwa makarani wapya, ni mbaya kuliko kukosa mwongozo kabisa, maana asiye na mwongozo huuliza, na aliyepewa mwongozo huamini. Makato ya sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na anayetumia jedwali la zamani hawezi kupata jibu sahihi hata awe mwangalifu namna gani. Dawa yake ninaihimiza mpaka wengine wameichoka: badiliko la mfumo na badiliko la maelezo yake ni kazi moja, zipelekwe pamoja kukaguliwa, na mkaguzi awe na mamlaka ya kulirudisha badiliko lolote lililokuja bila maelezo. Tena kila ukurasa uwe na jina la mwenye dhamana nao na tarehe ulipohakikiwa mara ya mwisho. Si jambo geni. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, la tarehe 3 Novemba 1971, lilikuwa na sehemu ya kumtaja mhusika katika kurasa zake. Ukurasa usio na mwenyewe hauna wa kuuliziwa, na ndiyo unaotangulia kuoza.

Mwongozo huo huo wa 1971 unajibu dhana ya wale wanaoogopa kwamba kuandika kasoro za programu ni kujiaibisha mbele ya wateja. Ulikuwa na sehemu maalumu ya kasoro zinazojulikana, iliyoandikwa na watu walioiunda programu yenyewe, Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mteja atakutana na kasoro hata usipoiandika. Ukiiandika, atakutana nayo akiwa na njia ya kuikwepa, na simu yako haitalia saa nane usiku.

Wapo wanaoniambia kwamba msimbo mzuri hujieleza wenyewe. Hujieleza unafanya nini, na majina mazuri husaidia sana katika hilo, lakini haujielezi kwa nini. Mfano wa asilimia 14 unatosha.

"Yupo fundi wetu, anajua kila kitu." Hili ndilo jibu la mwenye kampuni ambaye mambo yake yanakwenda vizuri, na sipendi kulisikia kwa sababu linamdhulumu huyo fundi kwanza kabla ya kuihatarisha kampuni. Fundi wa namna hiyo hapati likizo kamili. Akiwa matangani Kilifi anapigiwa simu, akiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani anapigiwa simu, na akipata kazi nzuri zaidi Doha anaonekana msaliti. Wengine husema kwamba fundi mwenyewe ndiye anayeficha maarifa ili asiachishwe kazi. Wachache hufanya hivyo. Walio wengi hawajawahi kupewa hata asubuhi moja ya kuandika, na kuandika hakuhesabiwi kuwa kazi wanapopimwa mwisho wa mwaka. Mwajiri anayetaka nyaraka na azitengee saa katika ratiba kama anavyotenga saa za mikutano.

Kuhusu lugha, dhana iliyozagaa ni kwamba nyaraka za kompyuta sharti ziwe za Kiingereza. Msimbo unaosomwa na waundaji programu wa nchi mbalimbali, sawa. Lakini mwongozo wa mtu wa ghala kule Shimanzi, anayepokea shehena, akihesabu magunia na kubishana na madereva kwa Kiswahili kutwa nzima, uandikwe kwa Kiswahili, na majina ya vitufe yaachwe kama yanavyoonekana kwenye skrini yake, kwa herufi nzito, ili asitafute kitufe ambacho hakipo. Anayetafsiri jina la kitufe ambacho mfumo wenyewe haujakitafsiri humpoteza msomaji aliyekusudia kumsaidia. Istilahi ikishachaguliwa ibaki hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Usiseme "ankara" ukurasa wa pili na "bili" ukurasa wa tano kama jambo unalolieleza ni lile lile.

Kikundi cha WhatsApp si hifadhi ya maarifa. Ni mahali pazuri pa kuulizana, ila jibu lililotolewa humo huzama chini ya salamu na rambirambi, na aliyejiunga na kikundi baadaye hana njia ya kulisoma. Jibu likitolewa mara ya pili, lihamishiwe kwenye mwongozo, na anayeuliza mara ya tatu apewe kiungo cha ukurasa.

Siku hizi wengine huniambia pia kwamba akili bandia itaandika yote. Huweza kupanga vizuri yale uliyoipa na huweza kueleza msimbo ulio mbele yake. Kwamba kiwango fulani kiliwekwa kwa sababu mteja mmoja mkubwa aliomba hivyo kwa simu, haiwezi kujua, na ikilazimishwa itabuni sababu yenye sura ya ukweli. Ikitumika, mwenye dhamana na ukurasa ausome neno kwa neno kabla jina lake halijawekwa juu.

Imebaki video, inayopendwa kwa sababu kuirekodi ni rahisi kuliko kuandika. Wepesi huo ni wa anayerekodi. Karani mwenye mteja dirishani hawezi kutazama dakika 40 kutafuta sekunde 20 anazozihitaji, wala hawezi kutafuta neno ndani yake, na kitufe kimoja kikihamishwa video nzima huwa imechakaa, ilhali katika ukurasa ingerekebishwa sentensi moja. Video itumike katika mafunzo ya siku ya kwanza, na chini yake ziandikwe hatua zote kwa maneno, zikiwa na tarehe na jina la mhusika kama kurasa nyingine.