Hiyo 12 yenu imenichosha

Juzi tena. Mteja kaniletea betri ya gari hapa Magongo, Mombasa, kaibwaga juu ya meza, kisha akatoa mita yake mwenyewe mfukoni. "Fundi, tazama. Betri ya volti 12, inasoma 12. Chaja yako ndiyo mbovu."

Betri ya asidi ina seli sita, na kila seli ikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Piga hesabu: 12.6. Ikisoma 12.2 umebaki na nusu. Ikisoma 12.0 ni kama robo, na gari likiwaka mshukuru Mungu. Ile 12 ya kwenye kasha ni jina tu, kama mtu kuitwa Shibe na ana njaa.

Wala usipime pale pale ulipochomoa chaja. Utaona 13 na ushee, ufurahi bure. Hilo ni povu. Iache saa kadhaa, au washa taa kubwa dakika mbili tatu, uzime, ndipo upime. Kisha mtu apige starta wewe ukitazama mita. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6, imechoka. Nayo ikichajiwa usiku kucha isivuke 10.5, huenda seli moja imekufa, usipoteze stima.

Chaja hizi mpya zina kiburi: zikikuta betri imeshuka mno, zinadhani hakuna betri, haziwaki. Mimi betri hiyo huiunga kwanza na betri nzima, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, hadi chaja idanganyike.

Tamino, zile ncha zinazoshika nyaya, safisha, chumvi ya pwani inazila. Maji ya betri ongeza, asidi usiongeze.

Ila nami nimewahi kuumbuka. Betri niliyosema itupwe, mwenyewe aliichaji polepole siku mbili, akaitumia miezi. Vitabu vinasema salfeti, ule ukoko wa ndani ya betri, ikishaganda haitoki. Siku hizi nasema "huenda".

Yule wa juzi huvuka Likoni kila siku. Kwenye foleni ya feri injini kaizima, redio na feni zinaendelea, na ng'ambo safari yenyewe ni fupi, altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haiwahi kurudisha kilicholiwa. Tukairudisha betri garini, nikapiga starta. 12 yake ikaanguka hadi 8.

Akaitazama mita, akaigongagonga. "Labda hii mita ndiyo mbovu."