Mstari mmoja wa msimbo si hatua moja

Wanafunzi wengi wanaoanza kusomea programu, hapa Tabora na kwingineko, huamini kwamba mstari kama nafasi = nafasi - 1 hutekelezwa kwa mkupuo, hivyo hauwezi kuingiliwa. Sivyo. Kwa kawaida kompyuta husoma thamani kwenye kumbukumbu, hupunguza moja, kisha huiandika upya.

Chukua programu ya kukata tiketi za treni. Imebaki nafasi 1. Dirisha la Tabora linasoma 1. Kabla halijaandika, la Kigoma nalo linasoma 1. Yote mawili yanaandika 0, na abiria wawili wanapewa kiti kimoja. Wala usijifariji kwamba umeijaribu mara elfu ikapita: kosa hili hutegemea nani kawahi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi Therac-25 iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi huko Marekani na Kanada, baadhi wakafa. Makosa ya aina hii yalichangia.

Dawa yake ni kufuli, yaani utaratibu unaoruhusu mmoja tu kwa wakati kuigusa thamani hiyo, wengine wakisubiri amalize. Ila kuuliza "nafasi ipo?" na kupunguza lazima viwe ndani ya kufuli lile lile. Hapo ndipo wengi huteleza: hufunga kupunguza tu, swali wakaliacha nje.