Jumatano haikuwajibu ninyi wa Jumatatu

Jumatatu, katika tamthilia ya mchana ninayoiandikia mazungumzo, yule dada alimsamehe mumewe aliyemwibia urithi wa baba yake. Alimsamehe palepale kando ya kitanda cha hospitali, mkono juu ya mkono, muziki umepanda hadi darini. Kipindi hakijafika tangazo la mwisho, simu yangu ilikuwa imeshapata joto. Matusi, vikaragosi vya kulia, viapo vya kutoitazama tena tamthilia hii maisha. (Viapo hivi huvunjwa kesho yake mchana, saa ileile.) Jumatano mama mkwe akaingia jikoni, akaweka mkoba mezani, akamwambia mke wa mwanawe: "Umesamehe upesi kwa sababu unaogopa kulala peke yako." Mashabiki wakalipuka kama waliofunga goli dakika ya tisini. Wametusikia! Nguvu ya umma! Mmoja wao, ambaye namheshimu kwa sababu anaikumbuka historia ya wahusika wetu kuliko mimi ninayelipwa kuikumbuka, akaandika kwamba kelele za Jumatatu ndizo zilizowarudisha waandishi mezani Jumanne.

Jumanne. Yaani tuandike Jumanne asubuhi, waigizaji wakariri mchana, tupige picha jioni, mhariri akate usiku, sauti na muziki alfajiri, na Jumatano mchana iko hewani. Jamani.

Maneno yale ya mama mkwe niliyaandika mimi, wiki tisa kabla ya Jumatatu yenu. Siku niliyoyaandika hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa amekasirika, kwa sababu hakukuwa na la kukasirikia.

Nimeshalijibu hili mara nyingi kwa upole. Leo upole umeisha, kwa hiyo nitapita mbio kwenye yanayojulikana. Mwandishi mkuu ndiye mwenye hadithi ndefu, ile ya miezi. Waandishi wa muhtasari huikata hadithi hiyo kuwa wiki, wiki kuwa siku, siku kuwa maonyesho. Sisi wa mazungumzo tunapokea muhtasari unaosema "anamsamehe" na kazi yetu ni kutafuta anamsamehe kwa maneno gani. Mhariri wa miswada anahakikisha mtu hajui Jumanne jambo atakaloambiwa Alhamisi. Juu yetu sote wako watayarishaji na kituo, nao wana maoni. Kisha inapigwa picha kwa kufuata seti, yaani mahali palipopambwa kwa kupigia picha, si kwa kufuata siku: jikoni kukishawashwa taa, maonyesho yote ya jikoni ya vipindi vitatu au vinne yanamalizwa kabla ya chai. Tamthilia ya mchana ya saa nzima ina hadithi ya dakika thelathini na kitu baada ya kutoa matangazo, mara tano kwa wiki, mwaka mzima bila msimu wa mapumziko. Kwa siku moja ya kazi, kurasa mia za muswada si jambo la kushangaza mtu. Mashine ya namna hiyo haigeuzwi kwa siku mbili. Ikijaribiwa inaanguka.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Machi 2020, studio za Marekani zilipofungwa kwa sababu ya korona. Ile ilikuwa nafasi adimu ya kuona kila tamthilia ilikuwa na akiba ya kiasi gani. The Bold and the Beautiful na The Young and the Restless ziliishiwa vipindi vipya mwezi Aprili. General Hospital ilijikongoja hadi Mei. Days of Our Lives haikuishiwa kabisa, kwa sababu wao wamezoea kupiga picha miezi mingi mbele, zaidi ya nusu mwaka. Maana yake ni kwamba shabiki wa Days anayekasirika leo anagombana na watu waliokwisha kuvua mavazi yale, kuyafua na kuyasahau. Pengine mwigizaji aliyemkera ameshaacha kazi. (Bold waliporudi kazini Juni walitumia midoli ya kuonyeshea nguo madukani kwenye maonyesho ya mabusu, na wakati mwingine wake na waume halisi wa waigizaji. Hilo halihusiani na hoja yangu, ila siwezi kuitaja korona bila kulitaja.)

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana ratiba peke yake haiudhi. Mkiambiwa "ilirekodiwa zamani", mnarukia upande wa pili: kumbe hamtusikilizi, kumbe sisi ni bure. Hapo mnakosea mara ya pili, na kosa hili ni baya kuliko la kwanza.

Mama mkwe yuko jikoni Jumatano kwa sababu tulijua mtakasirika Jumatatu. Hasira yenu ilikuwa ndani ya muhtasari. Haikuandikwa "watazamaji watakasirika", hakuna anayeandika hivyo, lakini mezani mtu aliuliza: akimsamehe hivi, nani atasema ambacho kila mtu nyumbani anasema? Tukatafuta mdomo wa kukisema. Dada wa yule mwanamke hafai, watu wangesema ana wivu. Daktari hamjui vya kutosha. Mama wa mkosaji mwenyewe, huyo ndiye, kwa sababu mama akimkana mwanawe hakuna wa kumwambia anapendelea. Basi hisia mliyoipata, ya kusikiwa, si ya uongo. Ni kwamba mlisikiwa kabla hamjasema. Mtu anayeandika tamthilia ya kila siku, kama anaijua kazi, anaandika akiwa na kelele za sebule kichwani. Haandiki kwa kufuata kelele zilizokwisha kupigwa.

Na ndiyo maana nataka mwelewe balaa lenyewe liko wapi. Balaa ni kukosea makadirio. Tunapodhani mtafurahi, kumbe mnachukizwa, hakuna mama mkwe. Niliwahi kushiriki harusi ya namna hiyo. Tulikuwa na hakika kwamba wale wawili mnawapenda. Tukawaandikia uchumba, tukawaandikia kejeli tamu za kugombania blanketi, tukaalika ukoo mzima. Siku busu la kwanza lilipoonekana hewani, watazamaji waliona kaka na dada wanabusiana. Si ndugu, hawana hata mjomba mmoja wa pamoja, ila macho yaliona hivyo na macho hayabishiwi. Sisi tulikuwa na wiki saba za furaha tayari ziko kabatini. Wiki saba! Kila siku mhusika mwingine anatokea na kusema "mmependezana ninyi", na kila siku mnadhani tunawafanyia makusudi, kwamba tumesoma malalamiko yenu na tunawakomoa. Barua moja ilisema tuna kiburi. Dada, hatukuwa na kiburi. Tulikuwa tumejikunyata nyuma ya ratiba tukihesabu siku.

Kuna kidogo kinachoweza kuokolewa katika hali ile, sitaficha. Mhariri wa picha anaweza kupunguza tabasamu, kuondoa busu, kubadilisha muziki wa mapenzi ukawa wa wasiwasi. Onyesho linaweza kusukumwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Mara chache sana maonyesho mawili hurudiwa kupigwa, seti ikiwepo na fedha ikiwepo. Kwa hiyo nikisema "haiwezekani" nasema kama mwalimu wa hesabu anavyosema huwezi kugawa kwa sifuri, huku nikijua kwamba kuna siku tuligawa.

Wazee wa fani huniambia zamani ilikuwa rahisi kwa sababu tamthilia zilirushwa moja kwa moja. Ni kweli zilirushwa. As the World Turns iliendelea kuchezwa moja kwa moja hadi 1975. Lakini kucheza moja kwa moja si kuandika moja kwa moja. Mwigizaji hawezi kukariri karatasi ambayo haijaandikwa. Na hasira zilikuwepo, tena za bahasha na stempu. Mwaka 1958 Irna Phillips, mama wa fani hii, alimuua Kathy wa The Guiding Light, binti aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa kumgongesha gari. Barua za ghadhabu zikamiminika hadi ikabidi aandike jibu moja la kuwapelekea wote. Hakumfufua. Nimewaza sana juu ya jibu lile, kwa sababu leo wengi wetu tungemfufua, na tungesema sura ya maiti haikuonekana vizuri.

Mfano ambao mashabiki hupenda kunitupia ni Luke na Laura wa General Hospital. Wanasema: si mashabiki ndio waliomwokoa Luke? Ndiyo. Anthony Geary aliajiriwa 1978 kumwigiza Luke kwa mkataba wa wiki 13, mhalifu wa kupita tu. Watazamaji wakamng'ang'ania, naye akabaki, na harusi ya Luke na Laura, Novemba 16 na 17, 1981, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30 nchini Marekani. Hakuna tamthilia ya mchana kule iliyowahi kufikia hapo. Ila wanaonitupia mfano huu huanzia katikati. Oktoba 1979 Luke alimbaka Laura. Tulichokishangilia kwenye harusi ile kilitokana na hilo, na ili kuwapa watazamaji walichokitaka, hadithi ililazimika kuufanya ubakaji ule ufanane na mapenzi. Ilichukua hadi 1998 kwa tamthilia yenyewe kulirudia jambo lile na kuliita kwa jina lake, pale mtoto wao Lucky alipojua. Karibu miaka ishirini. Mtu akiniambia "wasikilizeni mashabiki", jambo la kwanza linalonijia ni kwamba mashabiki walisikilizwa 1980, na sijui hadi leo kama mimi ningekuwa mezani ningethubutu kusema hapana. Nadhani nisingethubutu. Takwimu za watazamaji zilikuwa zinapanda.

Halafu kuna suala la nani hasa ni "mashabiki". Wanaoandika ni sehemu ndogo ya wanaotazama, na huandika zaidi wanapochukizwa. Kituo kinaangalia namba za watazamaji, na namba hazina sauti. Haziwezi kutofautisha aliyewasha kwa mapenzi na aliyewasha kwa hasira. Kwenye karatasi hao wawili ni kitu kimoja, jambo linalowauma sana wale wanaotazama ili kuchukia. Wakati huohuo kelele zikiwa kubwa kweli bado zinaweza kushindwa na daftari la hesabu. Kituo cha ABC cha Marekani kilipotangaza Aprili 2011 kwamba kinazifuta tamthilia za All My Children na One Life to Live, mashabiki walipiga kelele kiasi kwamba kampuni ya Hoover, ya mashine za kufagilia, iliondoa matangazo yake kwenye kituo hicho. Sijawahi kuona ushindi mzuri kuliko huo kwa watu wenye simu na hasira tu. All My Children iliondoka Septemba mwaka uleule, One Life to Live Januari 2012. Zilirudi mtandaoni 2013, lakini hazikudumu mwaka.

Kuna wakati lakini najishuku. Tulikuwa na mhudumu wa mgahawa, maneno mawili kwa wiki: "Kama kawaida?" Watu wakampenda bila sababu. Wakamtungia jina la utani, wakamtungia mke. Miezi mitano baadaye alikuwa na jina la ukoo, siri, na mtoto asiyemjua. Mashabiki wanadai ni wao. Mimi nilikuwepo na siwezi kuapa. Katika muda uleule mwigizaji mkubwa alikuwa amegoma kusaini mkataba, seti ya mgahawa ilikuwa imekaa bure, na yule kijana alikuwa nafuu, anakuja kwa wakati na hakosei maneno. Mwandishi mkuu nilipomuuliza alisema "nilimwona tu". Labda ni hivyo. Labda aliona mlichokuwa mnakiona, siku ileile, kwa sababu hiyohiyo, na hakuna aliyemfuata mwenzake.

Mwigizaji muacheni lakini. Yule kaka aliyeiba urithi hajaiba kitu, ametajiwa kuiba kwenye karatasi, na sokoni anahitaji kununua nyanya kwa amani. Nami pia, mkitaka kunitukana kwa "anamsamehe", mmekosea mlango. Hilo lilitoka ghorofa ya juu. Nitukaneni kwa zile sentensi za blanketi. Hizo zilikuwa zangu, na zilikuwa mbaya.

Nina muswada wa kukabidhi kesho asubuhi. Mama mkwe yumo, ana maonyesho matatu, na anajua jambo ambalo ninyi mtalijua baada ya miezi miwili. Nadhani mtakasirika, na tayari nimemwandikia la kusema. Mkifurahi, tumekwisha.