Samaki naye ana askari wa damu

Sokoni Mbuyuni, Moshi, muuza perege aliniambia huku akiparua magamba: "Samaki hana kinga, ndiyo maana huoza upesi." Imani ya siku nyingi, ila kuoza ni habari nyingine kabisa. Samaki pundamilia, wa sentimita 4 hivi, ana seli T na seli B, askari wa kinga wanaozunguka kwenye damu, kama sisi. Babu yetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Tofauti iko kiwandani: sisi watu wazima hutengeneza damu kwenye uboho, yeye kwenye figo. Tena kifaranga chake kinapitisha mwanga, hivyo kwa hadubini watafiti huziona seli, hai, zikihamia tezi ya thaimasi, zinakokomaa kuwa seli T. Juu ya figo hiyo kuna mwavuli mweusi wa seli za rangi, unaozikinga seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, dhidi ya jua.