Bastola ya Kubeba na Mke Mpenda Shabaha: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nina duka la pembejeo mjini Mtwara na nyumba yangu iko Mikindani. Katika miezi ya kupulizia mikorosho, wakulima wanapofuata salfa na dawa za maji, hufunga hesabu usiku na kurudi nyumbani nikiwa na mauzo ya siku nzima. Baada ya kulifikiria jambo hili kwa muda mrefu niliamua kuomba leseni ya kumiliki bastola. Mimi sikuwahi kushika silaha maishani. Mke wangu, kinyume chake, alijifunza kulenga shabaha katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Nachingwea akiwa binti, na tangu hapo ameupenda mchezo huo kama wengine wanavyopenda mpira. Kwa hiyo tulichagua pamoja, na njia nzima tulipishana na maneno ya ndugu, ya majirani na hata ya wauzaji, ambayo mengine hayana madhara na mengine yanaweza kuua mtu.

Dhana: silaha ni jambo la mume, mke anasindikiza tu.

Katika duka moja la silaha muuzaji alizungumza nami kwa nusu saa bila kumtazama mke wangu, ilhali maswali yote ya maana yalikuwa yanatoka kwake. Niliudhika kwa niaba yake, na bado ninaudhika. Kulenga hakutegemei ubavu. Kunategemea jicho, pumzi, na kidole kinachojua kuvuta polepole bila kuutikisa mkono. Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, Margaret Murdock wa Marekani alifungana kwa alama na mwanamume wa timu yake katika mashindano ya bunduki, akapewa medali ya fedha baada ya sare hiyo kuamuliwa. Mwaka 1992 huko Barcelona, Zhang Shan wa China alishindana na wanaume katika kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa angani, akavipiga vyote 200 vya raundi za awali bila kukosa hata kimoja, na akatwaa dhahabu. Mashindano yaliyofuata, ya mwaka 1996, wanawake hawakuruhusiwa kushiriki mchezo huo, na waliwekewa wa kwao mwaka 2000. Waliotazama Olimpiki ya Paris mwaka 2024 watamkumbuka yule Mturuki aliyesimama mkono mmoja mfukoni, Yusuf Dikeç, lakini wengi wamesahau kwamba medali ile ya fedha ilikuwa ya timu mchanganyiko na kwamba nusu yake ni ya Şevval İlayda Tarhan aliyesimama kando yake.

Kama ndani ya nyumba kuna anayejua kulenga, huyo ndiye wa kusikilizwa kwanza, awe mume au mke.

Dhana: bastola ndogo ndiyo rahisi kwa anayeanza.

Hili ndilo kosa nililokaribia kulifanya, nami nitakaa nalo kidogo. Nilivutiwa na bastola ndogo inayoingia kwenye kiganja, nyepesi kama simu. Niliwaza kwamba kitu chepesi hakiwezi kunishinda. Mke wangu aliishika, akaigeuzageuza, akaangalia kidole chake cha mwisho kikining'inia hewani kwa kukosa pa kushika kwenye mpini, kisha akasema: "Baba watoto, hii utaibeba kila siku, lakini hutaipiga."

Tulisafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, kwenda kujifunza chini ya mkufunzi na kupiga silaha za hapo kabla ya kununua chochote, na huko nilielewa alichomaanisha. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma kwa msukumo ulio sawa na wa risasi pamoja na gesi zake. Msukumo huo haujali ukubwa wa silaha. Bastola nzito huupokea ikasogea taratibu, nyepesi hurushwa kwa kasi. Ukipunguza uzito wa silaha kwa nusu na kubaki na risasi ileile, nishati ya teke linaloingia mkononi huongezeka mara mbili. Ile ndogo niliyoipenda ilinipiga kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ngozi ikawa nyekundu, na kufikia risasi ya kumi nilikuwa ninafumba macho kabla ya kuvuta triga. Anayefumba macho hushusha mdomo wa mtutu bila kujua, kwa hiyo matundu yangu yote yalikuwa chini ya karatasi, mengine mchangani.

Kisha nilipewa bastola ya ukubwa wa kati, aina ya Glock 19. Bila risasi ina uzito wa takriban gramu 600 na zaidi kidogo, magazini yake ya kawaida hubeba risasi 15, na mpini wake ulivipokea vidole vyangu vyote. Teke lilikuwepo, lakini halikuniogopesha. Kutoka mita saba niliweza kuweka risasi tano ndani ya duara lenye ukubwa wa sahani ya chai, jambo ambalo ile ndogo isingeniruhusu hata kwa wiki nzima.

Kipimo chetu tangu siku hiyo ni rahisi. Shika mpini ili mtutu uwe katika mstari mmoja na mfupa wa mkono, kisha tazama pingili ya kwanza ya kidole cha shahada inafika wapi kwenye triga. Ikiwa ncha tu ndiyo inayogusa, bastola hiyo ni kubwa mno kwako. Ikiwa kidole kimepitiliza hadi pingili ya pili, ni ndogo. Mke wangu ana vidole virefu kuliko vyangu, kwa hiyo bastola iliyomfaa yeye haikunifaa mimi, na anayedhani kwamba mkono wa mwanamke lazima uwe mdogo angekosea kwetu sisi wawili.

Dhana: rivolva ni ya wanawake, kwa sababu haina mambo mengi.

Ni kweli kwamba rivolva, yaani bastola ya silinda, haina magazini wala haihitaji kukokiwa, yaani kuvutwa sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie mtutuni, na risasi moja ikigoma unavuta triga tena silinda ikazunguka. Hata hivyo, triga hiyo ndiyo yenye mzigo. Kwenye rivolva nyingi, kuivuta bila kuinua nyundo kwanza kunahitaji nguvu ya kilo nne hadi tano na nusu, wakati bastola nyingi za magazini za kisasa zinahitaji takriban kilo mbili na nusu. Mwenye kidole dhaifu atahangaika kuliko alivyoahidiwa. Zile ndogo za kubeba huwa na risasi tano tu. Kwa mtu ambaye mikono yake haiwezi kabisa kukoki bastola ya magazini rivolva ni chaguo la heshima, ila wengi wanaoshindwa kukoki wanakosea mbinu tu: bana silaha karibu na kifua, mtutu ukielekea kwenye shabaha, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeishikilia sehemu ya juu.

Dhana: kaliba kubwa, yaani risasi yenye kipenyo kikubwa, ndiyo itakayokuokoa.

Risasi ya milimita 9 inayotumika zaidi duniani leo ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia mpaka leo. Haihitaji kukuzwa. Kinachosahauliwa ni inakokwenda. Inatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde na inaweza kupita mlango wa mbao, bati au ukuta wa fito na udongo ikiwa bado ina uwezo wa kuua. Nyumba za Mikindani zimebanana. Dirisha la jirani yangu liko umbali ambao ninasikia redio yake. Anayetafuta risasi kubwa zaidi kwa mazingira kama haya ajiulize kwanza nani amelala upande wa pili wa ukuta.

Dhana: mpenda shabaha tayari anajua kubeba silaha.

Hapa ndipo mimi na mke wangu tulipotofautiana kwa dhati. Yeye alipenda bastola ndefu yenye triga nyepesi na vilengeo vya kurekebishwa kwa bisibisi, kwa sababu karatasi haiendi popote na mlengaji ana muda wa kuvuta pumzi. Bastola ya kubeba inakaa kiunoni saa kumi kwenye joto la pwani, chini ya shati lililolowa jasho, na ikihitajika itahitajika gizani na kwa mkono unaotetemeka. Triga nyepesi mno ni hatari kwa mkono huo. Vilengeo virefu hunasa kwenye nguo. Ala iwe ngumu na ifunike triga yote, kwa kuwa ala laini hujikunja, na ukingo uliojikunja ukiingia kwenye triga wakati wa kuirudisha bastola, risasi huishia pajani.

Alikubali hoja yangu, nami nikakubali yake, ambayo ilikuwa nzito zaidi: kwamba silaha isiyopendeza kufanyia mazoezi haitafanyiwa mazoezi. Kupenda kwake shabaha ndiko kunakonifanya nisikae miezi bila kujinoa. Hunisimamia jioni nikifanya mazoezi makavu, silaha ikiwa tupu, magazini imetolewa, chemba, yaani tundu la mtutu linamokaa risasi, imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole na kila mmoja wetu, na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Huweka sarafu juu ya bastola karibu na kilengeo cha mbele. Nikivuta triga na sarafu ikaanguka, ninarudia. Kanuni zake ni zilezile zinazofundishwa kila mahali na ambazo hana simile nazo: ichukulie kila silaha kuwa imejazwa, usiielekeze kwa usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse triga kabla ya kulenga, na ujue kilichopo mbele na nyuma ya unachokilenga.

Jambo jingine alilonifunza ni masikio. Mlio wa bastola kwa kawaida huvuka desibeli 140, na mlio mmoja tu wa kiwango hicho unatosha kuharibu usikivu kwa kudumu. Kupiga risasi bila vizuia sauti vya masikioni, eti uzoee, ni ujinga ambao hauna dawa hospitalini.

Dhana: leseni ni ya nyumba, wanandoa wanaweza kuitumia kwa pamoja.

Hapana. Leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake na silaha yenye namba iliyoandikwa humo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa na silaha bila leseni yako mwenyewe ni kosa, na ndoa haikupi kinga. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako wanaokujua wanaulizwa tabia zako, yakapanda hadi kamati ya ulinzi na usalama na ofisi za polisi. Mke wangu ana ujuzi kunizidi, lakini hawezi kwenda nayo dukani siku ninayoumwa. Mwenye leseni akifariki, familia hairithi bastola kama inavyorithi shamba la mikorosho. Inapaswa kuifikisha polisi, na anayetaka kuimiliki anaomba upya kwa jina lake.

Dhana: ukiionyesha tu, watu watakuheshimu.

Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda, na inataka nguvu utakayotumia ilingane na hatari iliyopo. Bastola iliyowekwa mezani baa ili watu waione haina uhusiano na kifungu hicho. Kazi yake pekee ni kumwonyesha mwizi cha kuiba.

Dhana: bastola ya chuma kisichoshika kutu haihitaji kutunzwa.

Smith & Wesson walitoa rivolva ya kwanza ya chuma hicho, Modeli 60, mwaka 1965, na kwa watu wa pwani ilikuwa hatua njema. Lakini chuma hicho huchelewa tu kushika kutu, na springi, skrubu na magazini mara nyingi ni za chuma cha kawaida. Upepo wa bahari hapa unabeba chumvi, na vumbi la salfa la dukani kwangu huyatia weusi maganda ya shaba ya risasi. Wiki ya tatu tu ya umiliki wangu nilikuwa ninaiacha bastola kila usiku ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na kulihifadhi. Asubuhi ya siku ya tano mke wangu alipitisha kitambaa cheupe kwenye mdomo wa magazini kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hakunilaumu. Alileta mswaki wa zamani na mafuta ya silaha, akakaa nami barazani hadi kila pembe ikang'aa, na tangu hapo bastola hulala kwenye sefu iliyofungwa, nje ya ala, risasi zikiwa mahali pengine ambapo watoto hawapafikii.

Yeye sasa ameanza maombi yake mwenyewe, kwa ajili ya ile ndefu ya shabaha. Barua ya mwenyekiti wa mtaa tayari anayo.