Kupiga Windows Upya Si Kufuta Diski

Mwezi uliopita dada mmoja aliniletea laptopu aliyoinunua Kariakoo, ya mtumba kutoka Ulaya. Alikuwa amefuta kwa bahati mbaya picha za harusi ya mdogo wake, akataka nizirudishe. Nikaitoa diski, ile ya zamani inayozunguka, GB 500, nikaiunganisha kwenye mashine yangu na kuendesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Picha za harusi zilipatikana. Lakini zilikuja pamoja na nyingine: watoto wakicheza kwenye theluji, kurasa za pasipoti, barua za benki za familia ya Uingereza. Dada akaacha kuongea, akasogea karibu na kioo. "Fundi, hawa ni akina nani? Si niliambiwa ina Windows mpya kabisa?"

Windows ilikuwa mpya kweli. Aliyemuuzia alipiga Windows, hakufuta diski.

Unapofomati kwa haraka, au unapoondoa patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, wakati wa kupiga Windows, kinachopotea ni orodha inayoonyesha faili gani liko wapi. Mafaili yenyewe yanabaki palepale. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi amekata jina lako kwenye daftari lake: wewe bado unalala chumbani kwako, na anayepita mlango kwa mlango akipiga hodi atakukuta. PhotoRec ndivyo inavyofanya. Haiangalii daftari, inapita sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na zikionekana hizo, inaanza kuokota. Windows mpya inakalia makumi machache tu ya GB, kwa hiyo kwenye diski ya GB 500 sehemu kubwa inabaki kama alivyoiacha mwenye diski wa kwanza.

Si jambo geni. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 za mitumba. Zilizokuwa bado zinafanya kazi ni 129, na katika hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo.

Kwa diski inayozunguka, dawa ni rahisi. Chomeka flashi ya Windows, subiri ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Litafunguka dirisha jeusi. Andika diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski, kisha list disk, kisha select disk na namba ya diski yako, halafu clean all. Hilo neno all ndilo lenye kazi. Clean peke yake inaondoa taarifa za patisheni tu, tumerudi kwenye daftari la mjumbe. Clean all inaandika sifuri kwenye kila sekta, na kwa diski ya GB 500 jiandae kusubiri saa moja na nusu au mbili.

Mara moja inatosha. Bado nakutana na mafundi wanaoacha mashine inaandika usiku na mchana kwa sababu walisikia lazima diski iandikwe upya mara 35. Namba hiyo ilitoka kwenye andiko la mtafiti wa usalama wa kompyuta Peter Gutmann la mwaka 1996, lililohusu teknolojia za diski za wakati ule, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba kwa diski za kisasa kupitisha zote 35 hakuna maana. Umeme unaliwa bure.

SSD, diski isiyozunguka inayohifadhi data kwenye chipu, ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapokosea. Ndani ya SSD kuna kidhibiti kinachogawa kazi ili chembe za kumbukumbu zisichakae upande mmoja. Ukiiambia iandike sifuri juu ya faili fulani, inaziandika kwenye chembe nyingine, na zile za zamani zinabaki na data zikisubiri zamu yao ya kusafishwa. Tena kuna akiba ambayo Windows haiioni: SSD ya GB 240 mara nyingi imebeba GB 256 za chembe. Kwa hiyo clean all kwenye SSD inaichosha bila kukupa uhakika. Unatakiwa kukiamuru kidhibiti chenyewe kifute. Angalia kwanza BIOS, mipangilio ya mashine unayoingia kabla Windows haijawaka; laptopu nyingi za kiofisi zina chaguo hilo humohumo. Kama halipo, washa Linux kutoka kwenye flashi: kwa SSD za SATA, zile za muunganisho wa zamani, tumia amri ya hdparm, kwa NVMe, zile za muunganisho mpya wenye kasi zaidi, tumia amri ya nvme format pamoja na --ses=1. Mara nyingi kazi inaisha ndani ya dakika chache.

Ukitumia hdparm, huenda ukaiona diski imeandikwa frozen. BIOS ndiyo imeifunga. Ilaze laptopu usingizi, iamshe, mara nyingi inafunguka. Na hdparm inakutaka uweke neno la siri la muda kabla ya kufuta. Liandike kwenye karatasi. Umeme ukikatika katikati, diski itabaki imejifunga kwa neno hilo. Mimi siigusi kazi hii kama betri ya laptopu haijajaa.

Kabla ya yote hayo, chomoa kila diski nyingine. Diskpart haikuulizi mara mbili. Niliwahi kuchagua namba 1 badala ya 0, na namba 1 ilikuwa diski ya nje yenye nakala za akiba za mteja. Niliisimamisha baada ya dakika kama mbili, lakini folda ya miaka mitatu ya hesabu zake ilikuwa mwanzoni mwa diski, na haikurudi. Tangu siku hiyo nasoma ukubwa wa diski kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Mwisho nahakiki. Kwenye Linux naandika hexdump -C na jina la diski, naiacha isome yote. Diski iliyosafishika hutoa mstari mmoja wa sifuri, chini yake nyota moja, kimya kirefu, kisha namba ya baiti ya mwisho. Ikishatokea hiyo, ndipo nachomeka flashi ya Windows.